Namna ya Kuzuru Thian Hock Keng, Hekalu la Bibi wa Bahari Mjini Singapore

Mtaa wa Telok Ayer mjini Singapore umezungukwa leo na majengo marefu ya benki na ofisi, na anayeupita kwa haraka hawezi kudhani kwamba miaka mia mbili iliyopita mawimbi yalikuwa yakivunjika karibu na pale magari yanapopita sasa. Jina lenyewe limeihifadhi habari hiyo, kwa kuwa katika Kimalei telok ni ghuba na ayer ni maji. Hapo ndipo walipoteremka wahamiaji kutoka mkoa wa Fujian, kusini mwa China, na wengi wao, kabla ya kutafuta kazi au mahali pa kulala, walikwenda kwanza kumshukuru yule waliyeamini kuwa ndiye aliyewavusha salama. Kibanda cha ibada kilichokuwa ufukweni tangu mwaka 1821 hivi kiliwapa nafasi wanajumuiya ya Wahokkien, yaani Wachina wenye asili ya Fujian, kujenga, kati ya 1839 na 1842, hekalu la Thian Hock Keng, jina ambalo maana yake ni kasri la furaha ya mbinguni.

Mwongozo huu umeandikwa kwa msafiri wa Kiswahili anayepita Singapore kwa biashara, kwa masomo au kwa mapumziko, naye angependa kuliona hekalu hilo kwa utulivu na bila kumuudhi mtu. Ushauri wangu ni kwamba usilizuru kama jumba la maonyesho ambalo unaingia popote na kutokea popote. Lifuate kama alivyolifuata abiria aliyetoka chomboni: kutoka majini hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi mbele ya madhabahu, kisha nyuma, na mwisho urudi mtaani.

Hatua ya kwanza: mjue mwenye nyumba kabla ya kubisha hodi

Mungu wa kike anayeabudiwa hapa anaitwa Mazu, na Wahokkien humwita Ma Chor Po, yaani Bibi Mazu. Masimulizi yanasema kwamba alikuwa binadamu, msichana aliyeitwa Lin Mo, aliyezaliwa mwaka 960 katika kisiwa cha Meizhou, Fujian, katika jamii ya wavuvi. Neno mo lina maana ya ukimya, na inasimuliwa kwamba alipewa jina hilo kwa sababu hakulia alipozaliwa. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha siku ambayo, akiwa nyumbani, alizama katika usingizi mzito na roho yake ikaenda baharini kuwaokoa ndugu zake waliokuwa wamepigwa na dhoruba. Mama yake alipomtikisa ili amwamshe, mmoja wa waliokuwa wakiokolewa akamponyoka. Inasemekana pia kwamba alikuwa akisimama pwani akiwa amevaa nguo nyekundu ili vyombo vilivyopotea vimwone. Alifariki mwaka 987 akiwa hajaolewa, na baada ya hapo mabaharia wakaanza kusema kwamba wamemwona katikati ya tufani.

Kuanzia hapo cheo chake kilipanda pamoja na biashara ya bahari. Mwaka 1123 ujumbe wa China uliokuwa ukisafiri kwenda Korea ulinusurika katika dhoruba, na mfalme wa nasaba ya Song akalipa hekalu la Mazu kibao cha heshima. Chini ya watawala wa Kimongolia alifanywa Tianfei, mke wa mfalme wa mbinguni, na chini ya nasaba ya Qing akapandishwa kuwa Tianhou, malkia wa mbinguni. Hata hivyo mabaharia wana usemi mzuri kuhusu vyeo hivyo. Wanasema kwamba chombo kikiwa hatarini usimwite Tianhou, kwa sababu malkia hawezi kutoka bila kuvaa taji na mavazi rasmi, nawe utazama angali anajipamba. Mwite Mazu, naye atakuja mbio kama alivyo. Ukimsikia mzee hekaluni akimwita Bibi kwa mazoea, usidhani amemkosea adabu.

Jambo moja linatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Amiri Zheng He, aliyeongoza misafara saba ya majahazi makubwa ya China kati ya 1405 na 1433, alizaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan, na baba yake na babu yake walijulikana kwa cheo cha haji. Hata hivyo, mwaka 1431, kabla ya kuanza safari ya mwisho, yeye na wenzake walisimamisha jiwe la maandishi huko Changle, Fujian, la kumshukuru Tianfei. Jiwe hilo linasema kwamba bahari ilipochafuka na jina lake likatajwa, taa ya miujiza ilionekana mlingotini na hofu ikatulia. Jiwe hilohilo linataja miji ya upande wetu: Mogadishu iliyotoa punda milia na simba, na Barawa iliyotoa ngamia na mbuni. Barawa ni mji ambao wenyeji wake wa asili husema Chimwini, lugha ya ukoo mmoja na Kiswahili chetu. Kwa hiyo mtu wa pwani hii anapoingia katika nyumba ya Mazu si mgeni kabisa, maana jina la mji wa ndugu zake liliandikwa katika waraka wa shukrani wa bibi huyo karibu miaka mia sita iliyopita.

Hatua ya pili: chagua siku

Hekalu hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni, wala hakuna kiingilio. Asubuhi mapema ndiyo saa bora, kwa kuwa jua halijawa kali, wafanyakazi wa ofisi za jirani hupita kusali kidogo kabla ya kazi, na mwanga huingia uani ukiwa mlalo na kuzichora nakshi vizuri. Mchana wa Singapore ni wa joto zito lenye unyevu kama wa Dar es Salaam mwezi wa Februari, na mvua za alasiri hazina ahadi.

Kalenda ya ibada hufuata mwezi. Siku ya kwanza na ya kumi na tano za kila mwezi wa Kichina huleta watu wengi zaidi, na siku kuu ya Mazu ni tarehe 23 ya mwezi wa tatu, ambayo huangukia Aprili au Mei. Mwaka 2026 ni tarehe 9 Mei na mwaka 2027 ni tarehe 29 Aprili. Anayeifuata kalenda ya Hijria anaweza kukadiria tarehe hizi bila kuuliza, kwa sababu Wachina huanza kuhesabu mwezi siku ile ile jua na mwezi vinapokutana, ilhali sisi husubiri mwandamo uonekane, kwa hiyo tarehe yao kwa kawaida huitangulia yetu kwa siku moja au mbili. Tofauti kubwa ni kwamba wao huongeza mwezi wa kumi na tatu kila baada ya miaka miwili au mitatu ili kalenda isiachane na majira, na ndiyo maana sikukuu ya Mazu haizunguki mwaka mzima kama Idi.

Unayetaka kuona shamrashamra, njoo sikukuu hiyo au mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, lakini ujue kwamba utasukumwa, moshi utakutoa machozi, na hutapata nafasi ya kuitazama boriti hata moja kwa utulivu. Kwa ziara ya kwanza ningechagua siku ya kawaida katikati ya wiki.

Hatua ya tatu: jitayarishe na ufike

Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti. Buibui, kanzu, gauni refu na suruali zote zinafaa, na mtandio wa kichwani hauna tatizo lolote, ila kofia ya jua ni adabu kuivua ndani. Viatu havivuliwi katika hekalu la Kitao, yaani la dini ya jadi ya Wachina. Lakini kwa kuwa katika mtaa huohuo utapita msikitini, ambako lazima uvivue, ni busara kuvaa viatu visivyo na kamba nyingi.

Kabla ya kusafiri, jaza kadi ya kuingia Singapore mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Huduma hiyo ni ya bure, basi usidanganywe na tovuti zinazotoza ada. Anayetoka katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano abebe cheti chake cha chanjo. Kutoka uwanja wa ndege wa Changi, panda treni hadi stesheni ya Expo, kisha ubadilishe uingie njia ya Downtown, ambayo itakufikisha stesheni ya Telok Ayer bila kubadilisha tena. Nauli unaweza kulipa kwa kugusisha kadi ya benki langoni. Hekalu liko namba 158, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stesheni.

Hatua ya nne: simama nje kwanza

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa sababu huvuka barabara, hupiga picha moja ya paa na kuingia. Geuka kwanza ulipe hekalu mgongo. Majengo yote unayoyaona mbele yako yamesimama juu ya udongo uliojazwa baharini katika karne ya 19. Kabla ya hapo mlango huu ulitazama maji, na majahazi ya Fujian yalitia nanga mahali ambapo sasa kuna maegesho ya magari. Mazu bado anatazama upande huohuo, ingawa bahari yenyewe imesogezwa mbali naye.

Majahazi hayo yalikuja kwa upepo tunaoujua. Pepo za msimu zinazovuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Novemba na Machi, zile ambazo kwetu zilileta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi na tukaziita kaskazi, ndizo zilizoyasukuma majahazi ya Wachina kushuka bahari ya kusini hadi Singapore. Na pepo za katikati ya mwaka, jamaa za kusi yetu, ndizo zilizoyarudisha nyumbani. Nahodha wa Lamu na nahodha wa Fujian hawakuwahi kukaa baraza moja, lakini wangeelewana kuhusu ni mwezi gani wa kutweka tanga na ni mwezi gani wa kukaa bandarini kutengeneza chombo.

Sasa geuka ulitazame hekalu. Juu ya uti wa paa kuna joka wawili wanaokabiliana, nao wamepambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure vilivyokatwa na kubandikwa kimoja kimoja, kazi ya mikono ambayo ndiyo fahari ya mafundi wa Fujian. Mlangoni kuna simba wawili wa mawe. Wa kiume ana mpira na wa kike ana mtoto, na ni desturi katika mahekalu mengi kwamba wanalinda nyumba dhidi ya kila kilicho kibaya. Milango yenyewe imechorwa walinzi wenye mavazi ya vita.

Hatua ya tano: vuka kizingiti

Mlango wa katikati ni wa miungu. Wewe ingia kwa mlango wa upande wako wa kulia unapolitazama hekalu, unaoitwa upande wa joka, na wakati wa kuondoka utatokea kushoto, upande wa chui milia. Kizingiti kimeinuliwa kwa makusudi. Kivuke kwa hatua pana na usikikanyage kamwe, kwani kukikanyaga ni kama kuyakanyaga mabega ya mwenye nyumba. Na mara nyingi kizingiti kirefu kina kazi nyingine pia, kwamba kila anayeingia hulazimika kuinamisha macho na kutazama miguu yake, hata kama hakukusudia kuinama.

Ukumbi wa kwanza ni mahali pa kutazama juu. Boriti, mihimili na vishikizo vya paa vimeunganishwa kwa kuchomekana, kwa namna ambayo mafundi hawakuhitaji misumari, na anayeijua historia ya mtepe, chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, hatastaajabu kwamba mbao zisizopigiliwa msumari zinaweza kustahimili vizazi vingi. Nakshi za mbao zimepakwa rangi nyekundu, nyeusi na dhahabu. Nguzo za matale zimezungukwa na joka waliochongwa katika jiwe lenyewe, na sehemu kubwa ya vifaa hivi ililetwa kutoka China.

Si kila kitu ni cha China, hata hivyo. Mnamo mwaka 1906 hekalu lilifanyiwa matengenezo makubwa, na geti na uzio wa chuma kilichofuliwa vikaagizwa kutoka Glasgow, na vigae vya kung'aa kutoka Uholanzi. Mimi huona kwamba mageti hayo ya Uskoti yanasema kweli kuhusu mji wa bandari kuliko hotuba yoyote: waliokuwa na fedha waliagiza kizuri popote kilipotengenezwa, kama vile matajiri wa Zanzibar walivyoweka vioo vya Ulaya katika nyumba zenye milango ya nakshi za Kihindi.

Tafuta pia mabamba ya mawe yenye maandishi yaliyochongwa, yanayohifadhi majina ya waliochangia ujenzi. Miongoni mwa vinara wao alikuwa Tan Tock Seng, aliyezaliwa Malaka mwaka 1798, akaanza maisha ya biashara kwa kuuza mboga, na akatajirika hadi hospitali aliyoianzisha mwaka 1844 ikaendelea kubeba jina lake mpaka leo. Hekalu lilikuwa pia makao ya jumuiya ya Wahokkien, mahali pa kusuluhishia ugomvi, kuandikishia mambo ya ndoa na kumsaidia mgeni asiye na ndugu. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar anayekumbuka jinsi jumuiya za wafanyabiashara wa Kihindi zilivyojipanga karibu na nyumba zao za ibada ataelewa utaratibu huo bila maelezo marefu.

Hatua ya sita: amua kuhusu udi kabla ya kufika uani

Baada ya ukumbi wa kwanza unatokea uani, palipo wazi juu, na hapo kuna chetezo kikubwa chenye majivu. Ni hapa ambapo mgeni asiyejiandaa huchanganyikiwa. Wasomaji wengi wa mwongozo huu ni Waislamu au Wakristo, na hakuna anayetazamiwa kuabudu kwa sababu tu ameingia. Amua mapema utakachofanya na usichokifanya, ili uamuzi usikukute umeshikishwa vijiti vinavyowaka mkononi.

Mzee akikupa udi kwa ukarimu nawe hutaki, weka mkono kifuani, inamisha kichwa kidogo, tabasamu na useme asante. Hakuna atakayekulazimisha, kama ambavyo mwenyeji wetu hamlazimishi kula aliyefunga. Unayezungumza Kiingereza utawasikia Wasingapore wakiwaita wazee wasiowajua mjomba na shangazi, nawe ukifanya hivyo kwa walinzi na watunzaji wa hekalu utajibiwa kwa uchangamfu. Kisha sogea pembeni, usimame mahali ambapo hukatizi kati ya anayesali na kile anachokielekea. Hilo ndilo kosa ambalo huwaudhi watu kwa kweli, na ni rahisi kulielewa kwa yeyote aliyefundishwa utotoni asipite mbele ya anayeswali.

Anayetaka kujua mwabudu hufanya nini, au anayetaka kushiriki kwa imani yake mwenyewe, afuate mwendo huu wa kawaida. Vijiti vitatu huwashwa kwenye taa au mshumaa uliowekwa kwa kazi hiyo. Mwali ukishika, huzimwa kwa kupunga mkono au kutikisa vijiti, kwa kuwa kuupuliza kwa mdomo ni utovu wa adabu. Vijiti hushikwa kwa mikono miwili na kuinuliwa mbele ya uso. Kwanza mtu huelekea mbingu iliyo wazi, kwa sababu mtawala wa mbingu hutangulizwa kabla ya wote, na huinama mara tatu; ndipo hugeukia ndani kwa Mazu. Kwa sauti ya chini au moyoni hutaja jina lake, anakokaa na haja yake, kama mtu anayejitambulisha kwa karani asiyemjua, kisha huchomeka vijiti katika majivu vikiwa wima. Ncha zinazowaka zielekezwe juu wakati wote, maana mikono na nguo za jirani viko karibu kuliko unavyodhani.

Hatua ya saba: mbele ya Mazu

Ukumbi mkuu una giza la kiasi, na macho huhitaji dakika moja kuzoea. Usiharakishe. Mazu yumo katikati, na pembeni yake wanaheshimiwa Guan Yu, jemadari wa kale aliyekuwa mfano wa uaminifu na ambaye wafanyabiashara humpenda sana, na Bao Sheng Da Di, tabibu wa Fujian aliyegeuzwa kuwa mlinzi wa afya. Fikiria haja za mhamiaji maskini wa mwaka 1842, nawe utaona kwamba mpangilio huo haukuwa wa kubahatisha: usalama wa safari, uaminifu katika mapatano na nguvu za mwili.

Tafuta walinzi wawili wa Mazu. Mmoja anaitwa Qianliyan, macho ya maili elfu, naye huonekana mara nyingi ameweka kiganja juu ya nyusi kama baharia anayetafuta nchi kavu. Mwenzake ni Shunfeng'er, masikio yanayofuata upepo, aliyeelekeza mkono sikioni. Inasimuliwa kwamba walikuwa majini wakorofi hadi Mazu alipowashinda na kuwafanya watumishi wake, mmoja wa kuona vyombo vilivyo mbali na mwingine wa kusikia kilio. Kabla ya kuwako kwa redio na rada, hayo ndiyo mambo mawili ambayo kila mke wa baharia angeomba yawepo.

Inua macho uone kibao chenye maneno manne, Bo Jing Nan Ming, yaani mawimbi yametulia katika bahari ya kusini. Ni heshima iliyotolewa na mfalme Guangxu wa nasaba ya Qing mwaka 1907. Miaka mitano tu baadaye nasaba hiyo ilianguka, lakini kibao hakikuteremshwa.

Unaweza kuona watu wakirusha chini vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga, kila kimoja kikiwa na upande bapa na upande wa mbinuko. Ni njia ya kuuliza swali: kimoja kikilala bapa juu na kingine mbinuko juu, jibu ni ndiyo, vyote viwili vikionyesha mbinuko, jibu ni hapana, na vyote vikionyesha bapa, inasemekana mungu anacheka, labda kwa kuwa swali halikuulizwa vizuri. Katika mahekalu ya Mazu wengine hutikisa mkebe wa mianzi wenye vijiti vyenye namba mpaka kimoja kidondoke, halafu husoma beti inayolingana na namba hiyo. Usirushe wala usitikise kwa mchezo. Anayeuliza huenda anauliza kuhusu mgonjwa.

Picha zinaruhusiwa kwa desturi, lakini zima mwako wa kamera, soma vibao vilivyowekwa, na usimpige picha mtu aliyepiga magoti bila idhini yake. Usinyooshe kidole kuelekea sanamu. Ukitaka kumwonyesha mwenzako kitu, tumia kiganja kilichofunguliwa. Matunda na maua yaliyo juu ya meza ni matoleo, hivyo hayaguswi.

Hatua ya nane: zunguka nyuma

Wengi huishia hapa na kurudi. Nyuma ya ukumbi mkuu yuko Guanyin, mwenye huruma, ambaye asili yake ni katika dini ya Budha, na pembezoni kuna vyumba vya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, na vya miungu mingine. Mtu aliyezoea mipaka mikali kati ya dini atauliza iweje Utao, Ubudha na mafundisho ya Konfusio vikae chini ya paa moja. Kwa waabudu wenyewe swali hilo halina uzito, kwa sababu kila mmoja huendewa kwa haja yake, na jamii iliyojenga haikuona sababu ya kumwacha yeyote nje.

Ukiwa umesimama upande huo utaona pia mnara wa Chong Wen Ge, ulioanza kujengwa mwaka 1849 kwa heshima ya elimu na maandishi. Nusu saa hadi saa nzima inatosha kwa yote haya, kama hukuja na mtu anayesoma Kichina. Ukija naye, panga saa mbili.

Hatua ya tisa: toka kushoto, uendelee na mtaa

Vuka tena kizingiti kwa mlango wa upande wa chui milia, ulio kushoto kwa anayelitazama hekalu. Usikimbilie treni, kwa kuwa hekalu hili halieleweki likitengwa na majirani zake. Upande mmoja, namba 140, kuna Nagore Dargah, iliyojengwa kati ya 1828 na 1830 na Waislamu wa Kitamil kwa ukumbusho wa walii Shahul Hamid wa Nagore, ambaye mabaharia wa pwani ya Coromandel nao walimtaja walipokumbwa na tufani. Sasa ni kituo cha urithi wa Waislamu wenye asili ya India. Upande wa pili, namba 192, kuna msikiti wa Al-Abrar, ambao ulianza mwaka 1827 kama kibanda. Msafiri Mwislamu anaweza kupanga ziara yake iishie karibu na adhuhuri, aswali Al-Abrar, isipokuwa Ijumaa, ambapo awahi mapema kwa kuwa wafanyakazi wa mtaa mzima hujaa humo. Watamil na Wahokkien walishuka katika ufukwe mmoja, na kila kundi likajenga pa kushukuru kabla bahari haijafukiwa.

Kwa chakula, soko la Amoy Street lina vibanda vingi vya bei nafuu. Anayekula halali tu atafute alama ya halali kwenye kibanda kimoja kimoja, kwa sababu haitolewi kwa soko zima.

Kabla ya kuondoka, zunguka hadi nyuma ya hekalu, upande wa mtaa wa Amoy. Kwenye ukuta wa nje kuna mchoro wenye urefu wa mita 44, uliochorwa mwaka 2017 na Yip Yew Chong, mhasibu aliyegeuka kuwa mchoraji, nao unasimulia maisha ya wahamiaji wa Kihokkien tangu walipoiacha Fujian. Wageni wengi huanza kuutazama kutoka kushoto na kushangaa kwa nini kisa hakiendi. Unasomwa kama tulivyosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu: anzia mwisho wa kulia wa ukuta.